Kabla hujakubali kulea mbwa wa kuongoza wasioona

Wengi huniuliza nitamrudishaje mbwa nikishamzoea. Ni swali la haki, lakini hapa Mombasa majirani na jua vitakusumbua mapema zaidi.

Kazi yenyewe: unapewa mtoto wa mbwa, aghalabu Labrador, wa wiki 7 au 8 hivi. Unakaa naye hadi apite mwaka, kisha mkufunzi anamchukua kumfunza kuongoza asiyeona. Kuvusha mtu barabara si somo lako. Lako ni adabu za nyumbani na kumzoesha mji.

Mimi ni Muislamu, nakaa Kisauni, ua wetu ni wa familia tatu. Kabla mbwa hajafika nilibisha hodi kwa kila jirani, nikaanzia kwa mzee wa mtaa. Wengi wetu Pwani tu Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi: mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Usijifanye hulijui hilo. Bakuli zake ziwe zake, alale mbali na uchaga wa viatu na kamba ya nguo, na akitoka awe na kamba fupi. Atakayekwambia dini imemkataa mbwa kabisa, mkumbushe kwa upole aya ya 4 ya Suratul Maida, iliyohalalisha windo la mnyama aliyefunzwa. Kisha umwache, usibishane barazani. Bi mkubwa wa chumba cha pili aliniambia, “Mwanangu, madhali hanigusi nguo zangu za kuswalia, mimi sina neno.” Ruhusa kama hiyo ilinifaa kuliko hoja zangu zote.

Kuanzia wiki ya 3 hadi ya 14 hivi, mbwa hupokea mambo mapya kwa wepesi ambao baadaye haupo tena. Tatizo ni kwamba umri huo chanjo bado hazijakamilika, na ugonjwa wa parvo huua. Basi mji aujue bila kuukanyaga. Wangu nilimtia kwenye kikapu cha ukili, nikasimama naye Kongowea asikie mikokoteni na makelele ya wauza viazi, siku nyingine kando ya feri ya Likoni watu wanaposhuka kwa wingi. Muda mfupi tu, na akianza kutetemeka unasogea mbali hadi atulie. Usimkokote kwenye anachokiogopa ukidhani atazoea. Hazoei, anaongeza woga.

Akishamaliza chanjo, mtembeze baada ya alfajiri au magharibi ikiingia. Mbwa hupoa zaidi kwa kuhema, na wakati wa kaskazi hewa yetu nzito haimsaidii. Weka mgongo wa kiganja juu ya lami. Ukikushinda moto, naye asikanyage. Kila jioni mpekue masikioni na katikati ya vidole, kwani homa ya kupe haina mchezo. Dawa ya kupe mpe kwa maelekezo ya daktari wa mifugo, si ya kukisia dukani.

Kilichonichosha hasa ni mahamri. Watoto wa mtaa wanampenda, na mapenzi yao ni kumrushia kipande. Mbwa aliyezoea kuokota vya chini atakuja kumvuta asiyeona hadi mtaroni. Nikawapa watoto kazi nyingine: kumfukuzia kunguru wanaomwibia chakula bakulini. Wanaifanya kwa bidii ya kutisha.

Gharama, muandikiane mapema na wanaokupa mbwa. Uingereza shirika la Guide Dogs humlipia mlezi chakula na daktari. Hapa usikisie, uliza nani analipa nini na nani anapigiwa simu mbwa akiugua usiku.

Jambo la mwisho la kuuliza ni akishindwa. Wengi hawafuzu, mwingine kwa nyonga mbovu, mwingine kwa kupenda mno kufukuza paka, na paka wa Mombasa unawajua. Mara nyingi mlezi ndiye huulizwa kwanza kama atamchukua. Zungumzeni nyumbani sasa, kabla hajaja, maana Labrador mzima hufika kilo 30 na anakula kila siku.