Mpira unakata kulia: tazama mikono, kiache kichwa

SWALI: Kocha, napiga kwa mkono wa kulia na huu ni mwaka wangu wa kwanza wa gofu. Nikitumia draiva, ile fimbo ndefu ya mpigo wa kwanza, mpira unaanza vizuri halafu unakata kulia. Wenzangu wanasema nielekee kushoto zaidi na nisiinue kichwa. Nimefanya yote mawili, ndiyo kwanza unazidi. Nirekebishe nini?

JIBU: Acha kuelekea kushoto, leo hii. Ushauri huo nakutana nao kila wiki na unaniudhi, maana ndio unaoukuza ugonjwa. Mpira hukata kulia pale uso wa fimbo, yaani ule upande unaogusa mpira, unapotazama kulia kuliko njia ambayo fimbo inapita. Ukigeuza miguu na mabega kushoto, fimbo nayo inapita kushoto zaidi, huku uso ukibaki kutazama kulekule. Umelipanua pengo lilelile.

Kichwa hakina kosa. Ukikikaza chini, kifua hakigeuki na uzito unabaki mguu wa nyuma. Mpira ukishaondoka, kiache kifuate.

Sasa shika fimbo kama kawaida yako, utazame mkono wa kushoto kutoka juu. Ukiona kifundo kimoja tu cha vidole, uzungushe kidogo kuelekea kulia hadi uone viwili, hata vitatu. Angalia na glavu: ikiwa imelika pale chini ya kiganja, fimbo unailaza kiganjani badala ya vidoleni. Mshiko mpya utakuwa mgeni kabisa mikononi. Vumilia. Piga nusu mpigo kwa fimbo fupi ya chuma, na usibadilishe kingine chochote. Mipira michache ikienda kushoto usishtuke, uso umeanza kufunga, yaani kugeukia kushoto.

Ninaowaonea huruma ni wanaobadilisha mshiko asubuhi, msimamo mchana, na jioni wananunua kifaa cha kufunga mkononi kwa sababu video imewaahidi mpigo mpya kwa dakika 5. Fimbo na mpira hugusana kwa kama sekunde 0.0005, hakuna mkono unaoweza kusahihisha kitu hapo katikati, kila kitu kimeshaamuliwa kabla. Wengine hujipinda kwa nguvu kuiga wachezaji wa kulipwa, wakaja kwangu wameshika kiuno. Anayekupa dawa bila kuona unavyoshika fimbo anabahatisha. Kabla hujamlipa, muulize uso wa fimbo yako ulikuwa unatazama wapi ulipogusa mpira.