Wakili wa Waajiri na Pingamizi la Muda

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh. Mimi ni wakili, mwanamke, na huu ni mwaka wa tisa nawatetea waajiri mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoamua migogoro ya kazi, Dar es Salaam. Hivi karibuni mlinzi mmoja alimdai mteja wangu mishahara ya miezi mitatu, pamoja na fidia ya kuachishwa kazi. Alifungua shauri akiwa amechelewa, na kwa kutojua hakuomba kuongezewa muda. Niliweka pingamizi, shauri likatupwa. Lakini nilikuwa nimeziona meseji ambazo ofisa wa mteja wangu alimwandikia kila wiki: “Subiri, utalipwa.” Tulipotoka nje yule mlinzi, mtu mzee, akaniambia, “Tutaonana kwa Mungu.” Ustadhi mmoja ananiambia kazi yangu yote ni haramu. Mawakili wenzangu wanasema wakili ni mdomo tu, dhambi ni ya mteja. Je, niache kazi?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam, mwanangu. Swali lako limeninyima usingizi, na meseji hizo ndizo zilizonikaa moyoni.

Ustadhi amekaza mno. Imepokewa kwamba Sayyidna Ali alikuwa akimweka nduguye Aqil kuwa wakili wake katika mashauri, na Aqil alipozeeka akamweka Abdullah bin Ja'far. Na mwajiri naye hudhulumiwa: anaibiwa na mhasibu, anasingiziwa. Sheria ya ajira ya 2004 imemtwika yeye mzigo wa kuthibitisha kwamba alimwachisha mtu kwa sababu halali na kwa utaratibu wa haki. Mwenye duka la wafanyakazi watatu atayajuaje hayo bila mtu kama wewe?

Kinachonikera ni hilo neno la “mdomo tu”. Limeenea, na vijana wetu wanaotoka vyuo vya sheria wanalimeza bila kulitafuna. Nani kawaambia mdomo hauulizwi? Watu wa Banu Ubayriq, ukoo mmoja wa Madina, waliiba unga na silaha katika nyumba ya Rifaa, kisha jamaa zao wakamjia Mtume, rehema na amani zimshukie, wakiwasafisha kwa maneno mazuri. Aya za Suratu n-Nisaa zikashuka, na hazikuishia kwa wezi. Ziliwageukia na watetezi: mmewatetea katika maisha ya dunia, basi nani atawatetea kwa Mwenyezi Mungu Siku ya Kiyama? Na Abu Dawud amepokea kwamba anayegombania batili naye anajua, hatoki katika ghadhabu ya Mwenyezi Mungu mpaka aache. Zingatia: *naye anajua*. Wewe ulijua.

Utasema: uamuzi si ulitolewa kisheria? Ndiyo. Lakini Mtume alisema kwamba yeye ni binadamu, huenda mmoja akawa fasaha wa hoja kuliko mwenzake, naye akahukumu kwa alivyosikia. Atakayepewa haki ya ndugu yake amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume haihalalishi, ya mwamuzi wa Tume itahalalisha?

Kuweka muda wa mashauri si kosa. Sheria yenu inatoa siku 30 kwa kuachishwa kazi na 60 kwa madai mengine, na hata Majalla, kitabu cha sheria cha dola ya Uthmani ya Waturuki, iliweka miaka 15 kwa madai mengi. Lakini kifungu chake cha 1674 kimesema wazi: haki haifutiki kwa kupita muda. Muda unafunga mlango wa baraza, deni linabaki pale pale. Tena mzee huyu alichelewa kwa kuamini ahadi ya hao hao wanaosema amechelewa! Katika hadithi ya Bukhari, Mwenyezi Mungu anasema Yeye ndiye hasimu wa mtu aliyemwajiri mwenzake, akachukua kazi yake kamili, asimpe ujira.

Kwa hiyo sikuambii uache kazi. Wewe unakaa na mwajiri kabla barua ya kuachisha haijaandikwa, na hapo unaweza kuzuia dhuluma ambayo mimi juu ya mimbari siifikii. Ndiyo maana ya hadithi ya kumsaidia ndugu yako anapodhulumu: umshike mkono. Pingamizi la muda uliweke kwa anayedai asichostahili. Deni unalolijua, mwambie mteja alilipe kabla hujavaa joho.

Sasa, mlinzi. Siri za mteja ni amana, usizimwage. Nenda kwa mteja, keti naye, mwambie mishahara ile ya miezi mitatu iko shingoni mwake hata kama shauri limetupwa. Fidia ina mjadala, mshahara hauna. Akikataa, mimi naona usimtetee tena, na ada uliyolipwa kwa pingamizi lile umfikishie mzee. Si kwamba deni limekuwa lako. Mkono wako ulikuwemo. Namba ya simu ya mzee ipo kwenye fomu aliyofungulia shauri. Ukimpigia, usianze kumweleza sheria. Mwombe radhi kwanza.

Wallahu a'lam.