Sukari ya baba, presha ya bibi: je, na mimi nimeshaandikiwa?

Mdogo wangu wa Kongwa, unauliza kama sukari ya baba na presha ya bibi zinakusubiri, na kama utoe damu kwa watafiti wa vinasaba.

Hujaandikiwa. Kisukari cha aina ya pili kwa kawaida hakiletwi na jeni (kinasaba) moja. Ni tofauti ndogondogo nyingi, kila moja ikisukuma kidogo. Juu yake kuna epijenetiki: alama za kikemikali zinazoichochea jeni au kuipoza bila kuibadilisha. Uholanzi ilikumbwa na njaa kali 1944–45. Waliokuwa tumboni wakati ule, ukubwani miili yao ilishindwa kuidhibiti sukari vizuri, na kwa wale ambao mimba zao zilitungwa katika njaa hiyo, miaka 60 baadaye alama kwenye IGF2, jeni ya ukuaji, zilikuwa bado tofauti. Mimi Mgogo nikisoma hayo nawaza Mtunya, ile njaa ya Ugogo ya 1917–20. Ila tusiitwishe Mtunya mzigo wa soda zetu za leo!

Damu toa, ukishaelezwa itatunzwa wapi na nani ataitumia. Tafiti nyingi za jeni zimewahusu watu wenye asili ya Ulaya, hivyo makadirio yake ya hatari hutukosea sisi Waafrika. Na tuna cha kufundisha: mabadiliko ya jeni ya PCSK9 yanayoshusha kolesteroli (mafuta ya damu), yaliyogunduliwa kwa Wamarekani weusi mwaka 2005, yalifungua njia ya dawa mpya za kuishusha.

Majibu yao usiyasubiri. Pima sukari asubuhi kabla ya kula, ikifika 7.0 mmol/L, rudia siku nyingine. Presha ikigusa 140/90, muone daktari. Ugali wa uwele na mlenda endelea nao, punguza chumvi tu.