Mwanangu Hapati Usingizi, Kocha Asema ni Woga

SWALI: Mwanangu ana miaka 19 na anachezea timu ya vijana ya klabu moja hapa Dar es Salaam. Tangu alipokosa penalti iliyowanyima ubingwa, na watu wakamtukana usiku kucha katika makundi ya simu, hapati usingizi na hutapika kila asubuhi ya mechi. Kocha anasema ni woga, akaze moyo; jirani anasema amerogwa. Daktari wa timu amemshauri amwone mwanasaikolojia wa michezo, naye anakataa kwa kuhofia kuitwa mwendawazimu, na kwamba atakayoyasema yatamfikia kocha. Nimwambie nini?
Mama wa mchezaji, Mbagala

JIBU: Pole sana, mama. Kutapika kwake kuchunguzwe na daktari, lakini hofu peke yake inaweza kuuvuruga mwili kiasi hicho, na haiondoki kwa amri ya kukaza moyo. Tunamtukuza John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 akichechemea na bandeji mguuni, naye anastahili. Bandeji ile, hata hivyo, kila mtu aliiona. Kijana aliyeumia moyoni hana cha kuwaonyesha watu, ndiyo maana wanamwita mwoga.

Mwanasaikolojia wa michezo huanza kwa kusikiliza: kijana hujiambia nini anapouweka mpira kwenye alama, matusi gani yamemganda, nyumbani wanategemea nini kutoka kwake. Kisha humzoeza kutuliza pumzi, kufuata hatua zilezile kabla ya kila mkwaju, na kujiona ni mtu mwenye thamani hata siku asiyopangwa. Hili la mwisho naliona kubwa kuliko yote, kwa sababu kijana aliyesifiwa kwa mpira tu tangu utotoni, mpira ukimkataa, huona hana kilichobaki. Mtaalamu huyu akiona dalili za sonona, humpeleka kwa daktari wa magonjwa ya akili.

Kuhusu siri, anayoambiwa hubaki kwake isipokuwa katika hali chache, kama vile pale uhai unapokuwa hatarini. Ikiwa analipwa na klabu, mwanao aulize kabla ya kikao cha kwanza ni jambo gani kocha ataelezwa, na ikibidi waandikiane. Mtaalamu anayempelekea maneno mpanga kikosi amevunja miiko ya kazi yake.

Mkumbushe pia habari za Simone Biles wa Marekani, aliyejitoa katika fainali ya timu ya jimnastiki kwenye Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, kwa ajili ya afya ya akili yake, na ambaye amesema waziwazi kwamba huonana na mtaalamu. Mwaka 2024 alirudi Paris akatwaa dhahabu 3.

Wataalamu waliobobea katika michezo ni wachache nchini, kwa hiyo asipompata aanze na mwanasaikolojia tiba, au aende Hospitali ya Taifa Muhimbili, ambako huduma za afya ya akili zinapatikana. Msindikize wewe mwenyewe. Makundi yale ya simu ayatoke leo hii, na akitamka kwamba amechoka kuishi, msisubiri hata asubuhi kumpeleka hospitali.