Kwa Anayeanza Kazi: Hesabu Siku Zilizobaki Kabla Dawa Haijaisha

Utakapofika kwenye eneo la maafa utawaona kwanza majeruhi, wajawazito na watoto wanaoharisha, na wanastahili kutangulizwa. Mgonjwa wa kisukari au kifafa si rahisi kumtambua, kwa kuwa ameketi kimya kwenye foleni akiwa na mfuko wa nailoni wenye vifungashio vitupu vya vidonge, na mara nyingi kadi yake ya kliniki imepotea njiani. Kwa hiyo kila anayefika aulizwe, tangu siku ya kwanza, kama kuna dawa aliyokuwa akitumia kila siku, na kama amebakiwa na ya siku ngapi.

Jibu la sehemu hiyo ya pili ndilo linalopanga foleni, nami nilichelewa kulielewa, kwani orodha zangu za mwanzo zilipangwa kwa majina ya magonjwa. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akikosa insulini anaweza kufariki ndani ya siku chache. Anayesafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, hawezi kungoja tathmini ya mahitaji ikamilike. Na mwenye kifafa akikatizwa ghafla fenobabitali, dawa yake ya kuzuia degedege, anaweza kupata degedege lisilokoma. Mwenye shinikizo la damu lililodhibitiwa kwa kawaida anaweza kusubiri kidogo, mradi jina lake liwe limeandikwa.

Kuhusu insulini, wageni wengi huogopa joto pekee. Kichupa ambacho hakijafunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzijoto 2 na 8 za Selsiasi, lakini kikiganda kimeharibika na hakifai tena. Niliwahi kupokea kasha ambalo vichupa vyake viligusana na pakiti za barafu. Kwa macho havikuwa na kasoro yoyote, ila vilikuwa vimeganda safarini, tukalazimika kuteketeza vyote. Tangu siku hiyo naweka kadibodi katikati. Asiye na jokofu naye asinyimwe dawa ya kuondoka nayo: utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba insulini iliyokaa wiki 4 katika joto lililopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 ilibaki na nguvu yake.

Kabla ya kuandika dozi ya insulini, uliza mgonjwa amekula nini jana, kwa sababu kipimo alichopangiwa alipokuwa akipata milo 3 kinaweza kushusha mno sukari yake hadi azimie anapopata mmoja.

Shirika la Afya Duniani lina kifurushi cha dawa za magonjwa yasiyoambukiza, kilichoanza kutumika mwaka 2017, kinachokadiriwa kutosheleza watu 10,000 kwa miezi 3. Hao 10,000 ni wakazi wote wa eneo, si wagonjwa, na nimeona ghala likikauka mapema kwa sababu ya kuchanganya mambo hayo mawili. Agiza shehena inayofuata siku ile ile unayofungua ya kwanza.

Mwisho, andika jina la dawa, kipimo na tarehe ya kurudi kwenye kadi anayobaki nayo mgonjwa mwenyewe, na umpe akiba ya siku kadhaa kupita tarehe hiyo, kwa kuwa barabara ikifungwa au kambi ikihamishwa, daftari la kliniki halitamfuata.