Uhamisho wa jeshi na daftari la mtoto

Mume wangu ni askari, mwezi wa sita tunahamia Songea kutoka Monduli. Binti yetu yuko darasa la saba. Nimhamishe?

Mama, kama pana shangazi au jirani wa kota unayemwamini, mwache amalize. Mtihani ni Septemba, usajili wa watahiniwa hufanyika mapema, na akishaandikishwa kituo kimoja, kumbadilisha ni kukimbizana na ofisi. Angekuwa darasa la tano ningesema fungeni mizigo mwende pamoja.

Mtaala ni mmoja nchi nzima. Mbona kijana wangu aliyekuwa wa tatu darasani, hapa Ngerengere hesabu zinamshinda?

Afande, mtaala ni mmoja, mwendo si mmoja. Huko mlikotoka huenda walikuwa bado kwenye desimali, huku wameshavuka asilimia. Namba yake ya PReM, ile ya usajili wa mwanafunzi kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani, inamfuata kila shule anayohamia, lakini haisemi mwalimu aliishia mada gani. Hilo liko kwenye daftari, na familia nyingi hugawa au huchoma madaftari siku ya kufunga mizigo! Kama yake yapo, nenda kwa mwalimu wa hesabu mwenyewe, usiishie kwa mwalimu mkuu. Omba daftari la mwanafunzi anayefuatilia vizuri, uliweke kando ya la mwanao. Mara nyingi utakuta pengo ni la mada mbili tatu. Tafuta tuisheni ya mada hizo tu. Wakikwambia arudie darasa kabla hamjalinganisha hivyo, kataa kwa adabu.

Shikamoo anti. Niko kidato cha kwanza, hii ni shule yangu ya nne. Sitafuti tena marafiki, tutahama tu.

Marahaba mwanangu. Sikulaumu. Ingia skauti, kwaya au timu ya mpira: huko utapewa kazi ya kufanya na wenzako hata kabla hamjazoeana. Na waambie wazazi, kwa niaba yangu, barua ya uhamisho ikitoka ukae nao mezani usikie siku hiyo hiyo. Watoto wengi wa kambini huipata habari bombani, kwa majirani, na hilo huuma kuliko safari yenyewe.

Mimi Mkenya, niko jeshi la Marekani, nahamishwa kutoka Texas kwenda jimbo la Washington. Shule mpya ikikataa wanangu kwa sababu rekodi rasmi hazijafika?

Haipaswi kuwakataa. Majimbo yote 50 yamo kwenye mkataba wa elimu ya watoto wa wanajeshi walio kazini: shule huwapokea kwa nakala zisizo rasmi, huwaweka darasa lilelile walilokuwamo, na hutoa siku 30 za kukamilisha chanjo zinazopungua. Omba nakala hizo kabla hujaondoka, uzibebe mkononi, zisiende na kontena la mizigo. Ukikwama, muulize afisa wa kambini anayeshughulikia mambo ya shule.