Maswali ya Wasomaji: Kuandaa Nota za Kwaya kwa Ajili ya Kiwanda cha Uchapaji

SWALI: Ndugu Mhariri, kwaya yetu ya parokia imekusanya nyimbo zilizotungwa na walimu wetu, nasi tunataka kuzitoa katika kitabu cha ukubwa wa A5. Nota nilizichapa mwenyewe kwa programu ya Finale katika kurasa za A4, nikampelekea mpiga chapa faili za PDF, na nyimbo chache nikazibandika kama picha ndani ya Word. Prufu, yaani nakala ya majaribio, iliporudi, mahali pa ufunguo wa sol palikuwa na alama ya “&”, na kwenye zile nyimbo za picha mistari mitano ilitofautiana unene huku mingine ikiwa ya kijivu. Kwenye skrini yangu kila kitu kilikuwa safi. Nifanye nini kabla ya kurudisha kazi kiwandani?
Mwalimu wa kwaya, Mwanza

JIBU: Mwalimu, una matatizo mawili yasiyohusiana, na yote mawili yanarekebishika kabla karatasi haijanunuliwa. Alama ya “&” inatokana na fonti, yaani seti ya maumbo ya herufi. Programu ya nota huuandika ufunguo kama herufi, kwa kutumia fonti maalumu ya muziki, na katika fonti za zamani kama Maestro ya Finale na Opus ya Sibelius (programu nyingine ya nota), ufunguo wa sol umewekwa penye alama ya “&”, na ufunguo wa fa umewekwa penye alama ya kuuliza. Kompyuta ya kiwandani ikiwa haina fonti hiyo, na faili yako ikiwa haikuibeba ndani yake, huchukua fonti nyingine iliyo karibu, na alama ya kawaida ndiyo inayojitokeza kwenye karatasi. Fonti mpya zinazofuata SMuFL, yaani utaratibu wa pamoja wa kupanga alama za muziki katika fonti, kama Bravura iliyotolewa na kampuni ya Steinberg mwaka 2013, hazileti alama ya “&”; zikikosekana, mara nyingi utaona visanduku vitupu.

Fungua kila PDF katika Adobe Reader, nenda kwenye sifa za faili, kisha kwenye orodha ya fonti. Kila jina la fonti linapaswa kufuatwa na neno Embedded au Embedded Subset, yaani fonti imebebwa ndani ya faili, na jina lisilo na neno hilo ndilo litakalokuharibia kitabu. Fonti zote zikiwa zimo na prufu bado ikaharibika, basi huenda kiwandani faili ilifunguliwa katika programu ya usanifu kama CorelDRAW, labda ili kubadili namba za kurasa, na hapo fonti zilizobebwa ndani ya PDF hazitegemewi tena. Mwombe mpiga chapa aiweke PDF kwenye ukurasa kama ilivyo, bila kuifungua ili kuihariri, na wewe mwenyewe maliza namba za kurasa na vichwa vya nyimbo kabla ya kumpelekea.

Tatizo la mistari ni la picha. Mstari mmoja wa nota, pale ambapo mistari mitano kwa pamoja ina kimo cha milimita 6, una unene wa takriban milimita 0.2. Picha ya nukta 300 kwa inchi ina nukta zenye upana wa milimita 0.085, kwa hiyo mstari huo unahitaji nukta mbili na kidogo. Kwa kuwa nukta haigawanyiki, mstari mmoja hupewa mbili na wa chini yake hupewa tatu, au kompyuta hujazia pengo kwa kijivu, na hayo ndiyo uliyoyaona. Nukta 300 zinatosha kwa picha ya wanakwaya kwenye jalada, lakini nota zilizo katika umbo la picha zinahitaji 1200. Zaidi ya hayo, picha za JPEG huacha ukungu kuzunguka kila nota. Dawa ni kuachana kabisa na picha: zitoe nyimbo hizo upya kama PDF moja kwa moja kutoka kwenye programu ya nota, kwa sababu humo mstari huhifadhiwa kama mstari, na kila mashine huuchora kwa ubora wake wote.

Hakikisha pia kwamba weusi wa nota ni wino mweusi peke yake. Faili ikiwa na weusi wa rangi za skrini, mashine ya rangi nne inaweza kuuchapa kwa wino zote nne, na karatasi ikisogea kidogo tu, kila nota hupata kivuli. Mpiga chapa mwenye programu ya Acrobat Pro anaweza kukuonyesha kila wino peke yake kwenye skrini. Mwombe afanye hivyo mbele yako.

Ukubwa nao uamuliwe mapema. Nota za A4 zikipunguzwa hadi A5, kila kitu hubaki asilimia 71 hivi: mistari yenye kimo cha milimita 7 hushuka hadi milimita 5, na maneno ya pointi 10 huwa ya pointi 7. Mwimbaji wa besi aliyesimama nyuma, jioni, chini ya taa moja, hawezi kuyasoma. Tengeneza ukurasa wa A5 ndani ya programu yenyewe, weka mistari karibu na milimita 6 na maneno yasiyopungua pointi 9, kisha ukubali kwamba kitabu kitaongezeka kurasa. Wimbo wa kurasa mbili uanze upande wa kushoto, yaani kwenye namba shufwa, ili usifunuliwe katikati ya kiitikio. Kitabu cha kubanwa pini kinataka kurasa zinazogawanyika kwa 4, na cha kugundishwa kinataka pambizo pana zaidi upande wa mgongo.

Kuhusu maneno hukuuliza, lakini naomba uyatazame, kwa kuwa mpiga chapa hatakusaidia hapo. Baadhi ya programu hugawa silabi zenyewe kwa kanuni za Kiingereza au Kilatini, na vitabu vingi vya kwaya vina “Mun-gu” na “shan-gi-li-e-ni”. Silabi zetu kwa kawaida huishia kwenye irabu: “Mu-ngu”, “sha-ngi-li-e-ni”. Jambo hili husikika kanisani, kwa sababu mwimbaji anayesoma “Mun” kwenye nota ndefu hufunga mdomo mapema na kuivuta “n” badala ya “u”. “Mwana” ni “mwa-na”, lakini “mtoto” ni “m-to-to”, na ile “m” inastahili nota yake. Katika neno kama “tumshangilie”, mtunzi ndiye anayejua kama “m” ina nota yake au imeungana na “tu”. Mpigie simu mtunzi, usikisie. Katika “inang'ara”, alama ya ng' isigeuzwe na programu kuwa alama ya kufungulia nukuu. Prufu ya maneno isomwe na mtu anayeimba huku akisoma, sauti moja baada ya nyingine.

SWALI: Nasikia Finale imekoma. Je, nyimbo zangu za miaka mingi zimepotea?
Mtunzi, Nairobi

JIBU: Hazijapotea. Kampuni ya MakeMusic ilitangaza mwezi Agosti 2024 kwamba haitaiendeleza tena Finale. Programu iliyokwisha kuwekwa kwenye kompyuta yako inaweza kuendelea kufanya kazi, lakini siku utakapobadili kompyuta usitegemee kuikuta. Zitoe nyimbo zote sasa katika MusicXML, muundo wa faili unaosomwa na programu nyingine za nota kama MuseScore, Dorico na Sibelius. Finale ina amri ya kubadilisha folda nzima kwa mkupuo. Toa na PDF ya kila wimbo, kwa sababu MusicXML hubeba nota na maneno vizuri kuliko mpangilio wa ukurasa, nawe utahitaji kulinganisha.

SWALI: Kwaya yetu huimba kwa solfa, yaani nota za herufi kama d, r, m. Nilizichapa katika Word, lakini kiwandani safu za soprano, alto, tenori na besi zilihama, “d” ya besi ikawa chini ya “s” isiyo yake.
Katibu wa kwaya, Kakamega

JIBU: Bila shaka ulizipanga kwa kubonyeza nafasi mara nyingi. Upana wa nafasi hutegemea fonti, kwa hiyo fonti ikibadilika, safu zote huhama. Katika solfa hilo si suala la urembo tu, kwa sababu nukta pacha na nukta moja ndizo zinazoonyesha mapigo, na sauti nne husomwa kwa kutazama juu na chini. Panga kila baa ndani ya jedwali lisilo na mistari ya kuonekana, pigo moja katika kisanduku kimoja, na maneno katika safu yake chini ya sauti. Kisha toa PDF na ukague fonti kama nilivyomweleza mwalimu wa Mwanza. Faili ya Word yenyewe ibaki kwako. Kiwandani ipelekwe PDF peke yake, pamoja na nakala moja uliyoichapa na kuisahihisha, ili mpiga chapa awe na karatasi ya kulinganisha na prufu yake.